Shilingi Mia Nane na Kumi na Mbili

Barua imekaa wiki nzima chini ya kikombe,
duara la chai limeizunguka namba ya mshahara
kama mwalimu aliyezungushia kosa.
Laki nne na nusu. Kiwanda cha asali, Sikonge.
Mpima ubora. Kazini saa mbili kamili.

Mimi nakaa Isevya, kazi yangu naiendea kwa miguu:
duka la Msongela, mchele, maharage, mizani ya mawe,
laki na themanini, na mchana narudi kula kwangu.

Nikageuza bahasha, nikachonga penseli kwa kisu.
Nauli elfu nne kwenda, elfu nne kurudi,
mara siku ishirini na nne:
laki moja na tisini na mbili, imekwenda na magurudumu.
Toa. Linganisha na ya Msongela.
Ziada, elfu sabini na nane.
Wali wa mchana huko sijauweka.
Mama Nyanzala wa kumpokea mtoto sijamweka;
hataki hela, yule, atataka sukari,
na sukari ya jirani haina risiti.

Kisha nikafanya hesabu ambayo hakuna aliyeniuliza.
Masaa mawili kwenda, mawili kurudi,
kwa mwezi tisini na sita,
yaani siku nne, mchana na usiku wake,
nimekaa nikitazama kisogo cha mtu.
Gawa.
Kila saa yangu ya barabarani itanunuliwa
shilingi mia nane na kumi na mbili na nusu.
Fungu la nyanya na kiberiti.
Hiyo nusu nitapewa peremende.

Msongela akasema, "Huko utapima asali,
uchovu wako atakupimia nani?"
Maneno mazuri. Ila najua anachoogopa:
kutafuta mwingine wa kunyamaza.
Jiwe la kilo moja limekwanguliwa chini.
Nalijua kwa kiganja. Nalitumia.
Mwaka wa tano huu.

Kule kiwandani, siku ya usaili,
walidondosha tone moja juu ya kioo,
wakaniambia nilielekeze kwenye mwanga,
na maji yaliyomo yakajitaja yenyewe.
Hilo sikuliandika kwenye bahasha.
Sikujua liende safu ipi.

Ijumaa nikaomba ruhusa, nikaenda kuijaribu njia tu.
Gari la saa kumi na moja na nusu, giza, baridi ya Julai.
Hadi Pangale nilikuwa nahesabu vituo.
Baada ya hapo miombo, mizinga imening'inia,
na mimi, mkono shavuni, nikagundua
hakuna aliyeniita.
Hakuna "mama," hakuna "dada, nipunguzie,"
hakuna "Kalunde, lete jiwe."
Nikalala.
Nikaamka Sikonge, shavu lina alama ya dirisha,
na ile safari niliyoiandika yote upande wa hasara
ikakataa kukaa huko.

Lakini nilirudi saa mbili usiku.
Mihayo amelala na sare ya shule, kiatu kimoja mguuni,
daftari kifuani: saba mara nane ni sawa na,
halafu tundu.
Kafuta, kaandika, kafuta, mpaka karatasi ikachoka.
Penseli yangu ikasimama hapo.
Nikamvua kiatu.

Barua inasema miezi mitatu ya matazamio.
Vema. Nami nawaweka matazamioni:
barabara, gari, kiwanda,
huu mgongo wangu, yule mtoto,
hadi mvua za Novemba zianze kugonga bati.
Ikifika hapo nitageuza bahasha nyingine.

Nimetia saini. Kwa penseli,
ndipo nikakumbuka wanataka wino.
Asubuhi nitaazima kalamu ya Mihayo,
tukishamaliza saba mara nane.